Pitaya Zilizoungua Kisugu

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, tulikuwa tumeishi Kampala miaka kumi na tisa. Tulitoka Kenya kufuata kazi: yeye fundi wa mashine katika kiwanda kimoja upande wa Bugolobi, mimi nikiuza nguo za watoto Kansanga. Kiharusi kilimwondolea nguvu za mkono wa kulia na karibu maneno yake yote. Alibaki na "ssebo", neno ambalo Waganda humwitia mwanamume kwa heshima. Aliniita hivyo hata mimi mkewe.

Nyuma ya nyumba tuliyopanga Kisugu alikuwa amepanda pitaya, lile tunda jekundu lenye magamba ambalo sokoni wanaliita dragoni. Mmea wake hauna majani. Ni mashina ya kijani yenye pembe tatu, yanayopanda nguzo. Alikuwa na nguzo sita chini ya mfenesi mkubwa.

Januari, katikati ya kiangazi, mwenye nyumba aliukata mfenesi kwa sababu mizizi yake ilipasua ukuta. Baada ya siku chache pitaya zikaanza kugeuka manjano, hasa upande wa magharibi. Nilidhani ni kiu. Nikazimwagilia asubuhi na jioni.

Mume wangu alikuwa akiniangalia kutoka barazani. Kila niliposhika ndoo alijigonga utosini kwa mkono wa kushoto na kusema "ssebo, ssebo". Nilimpa dawa ya maumivu ya kichwa. Akaitema.

Siku ya tatu alijikokota mpaka kwenye nguzo ya kwanza, akavua kofia yake na kuivika juu ya mmea. Nilimrudishia. Akaivua tena na kuirudisha pale pale. Mchana huo nilimpigia simu dada yangu nikamwambia akili ya mume wangu imeanza kumtoka. Nilisema hivyo akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Kiharusi hakikugusa masikio yake, na nililijua hilo.

Jirani yetu alikuwa mama Mkongo aliyeuza vitenge. Kwao Kivu alifanya kazi miaka mingi kwenye vitalu vya miche ya kahawa. Alikuja kuanika nguo, akasimama mbele ya zile nguzo, akabonyeza shina kwa kidole gumba.

"Mama, acha maji," alisema. "Chini inaoza, juu inaungua."

"Inaungua na nini?"

"Na jua. Ilizoea kivuli, na kivuli mliitoa siku moja." Akaitazama kofia iliyokuwa bado juu ya nguzo. "Mzee alikuambia."

"Ssebo!" mume wangu akapaza sauti kutoka barazani.

Nikaiweka ndoo chini.

Tulitafuta magunia ya nyavu, yale ya vitunguu, jirani akayashona pamoja kwa cherehani yake. Tukasimamisha miti na kuyatandaza juu, tukayaachia mengine yaning'inie upande wa magharibi. Tulimsogeza mume wangu karibu pamoja na kiti chake, akawa msimamizi, akielekeza kwa mkono wa kushoto. Tulikata sehemu zilizolainika. Zile zilizopauka na kukauka tuliziacha. Jirani alisema hazitarudi kuwa kijani, lakini hazitaua mmea.

Jirani alipoondoka nilimwambia mume wangu, "Nisamehe." Alinitazama kidogo, kisha akaelekeza kidole kwenye nguzo ya nne, ambako wavu ulikuwa umelegea. Nikaenda kuukaza.

Mimea miwili ilikufa. Minne ilitoa machipukizi mvua za Machi zilipoanza. Nilitaka kuondoa nyavu siku hiyohiyo, na hapo ndipo mume wangu alipotamka wazi neno lake la kwanza, mbali na "ssebo", kwa miezi mitano: "Bado."

Nilimwita jirani aje asikie. Kwa wiki kadhaa tuliufunua wavu saa za asubuhi tu, kabla jua halijawa kali, kisha tukaongeza muda kidogo kidogo. Kila siku nilimuuliza, naye kila siku alijibu neno lile lile, hadi asubuhi moja alipotikisa kichwa kukubali.

Matunda yalikuja mwaka uliofuata, machache, kutoka kwenye mashina yenye mabaka meupe. Wakati huo aliweza kusema maneno kama arobaini. Nilimkatia kipande, akatafuna polepole.

"Hayana ladha," alisema, akanirudishia sahani.