Viumbe Wasio na Midomo

Jirani yetu wa ukuta mmoja anatunga lugha ya viumbe wa sayari ya mbali. Kwa kuwa amewaumba bila midomo, kila asubuhi huibana yake kwa vidole akizijaribu sauti zao: anakwaruza koo, analiza ulimi, anakoroma, hadi paka wetu anahama dirishani. Mkewe humwekea chai na kujiondokea. Juzi mama mzazi wa jirani, aliyekuja kukaa nao, alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hao watoto wao wanamwitaje mama?" Jirani akajaribu kooni, akajaribu puani, wapi! Jana asubuhi tukamsikia akitamka polepole, "Mama. Mama." Kutoka jikoni sauti ikaitika, "Naam, mwanangu, nakuja."