Pacha Aliyebaki Kiwangwa

Enzi zetu Kiwangwa hakukuwa na simu ya kumtoa mtu ujinga kwa dakika mbili. Juzi mwanangu kaniuliza nadharia ya uhusianifu ni nini. Kabla sijakohoa, keshafungua video, kaitazama nusu, kasema ameelewa. Haya. Sisi tulielezwa na mwalimu wetu wa fizikia nyuma ya fuso la mananasi, tukienda Bagamoyo mjini kwenye michezo ya shule, na tulibishana wiki nzima.

Alirusha nanasi juu, akalidaka. "Nyie mmeliona limepanda na kushuka papa hapa. Yule mama pale barabarani kaliona likienda mbele kwa upinde, maana gari linatembea. Nani mwongo?"

"Hakuna, mwalimu," akajibu pacha wangu, Hasani.

"Sasa badala ya nanasi, chukua mwanga, upande na kushuka vivyo hivyo. Kwa yule mama umepita njia ndefu zaidi. Lakini mwanga hauongezewi kasi na gari; ni ileile kwake na kwetu. Basi kwake umechukua muda mrefu zaidi. Angeweza kuiona saa yetu, angeiona inakwenda polepole."

Fuso, alisema, lilijikokota mno kwa tofauti hiyo kuonekana. Lakini Huseni, yaani mimi, nikipanda chombo kinachokaribia kasi ya mwanga na Hasani akabaki shambani, nitarudi nimkute mzee. "Na si kuhisi tu. Muda wako utakuwa mfupi kweli." Tulicheka mpaka dereva akapiga honi.

Tulipomaliza shule, baba alikuwa amepooza. Mmoja wetu ilibidi abaki. Kwetu ahadi tuliipima kwa mavuno, na nanasi hukaa shambani kama mwaka na nusu. Tukiwa tunapanda machipukizi tukakubaliana: nitangulie Dar kusomea umeme, hayo yakivunwa nirudi, Hasani naye aende. Mama akasema, "Mmeahidiana mbele yangu, msije mkanitia aibu."

Yalivunwa. Nikatuma salamu: bado kidogo, nimepata kazi. Yakavunwa mengine: bado kidogo, nimeoa. Hasani hakunigombeza hata mara moja. Laiti angenigombeza. Aliacha kuuliza, nami nikajifanya amesahau.

Mwaka huu nimekwenda. Mgongo wake umepinda, meno ya mbele hayapo, viganja vimechanwachanwa na miiba ya mananasi. Binti mmoja aliyekuja kununua akamwambia, "Shikamoo babu," kisha akauliza kama mimi ni mwanawe.

"Huyu pacha wangu," Hasani akasema. Binti akacheka, akidhani anataniwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Sikupanda chombo chochote cha angani. Nilikaa kivulini tu, mwenzangu akichomwa jua akimuuguza baba yetu mpaka akamzika. Hapo ndipo nikagundua kitu cha aibu zaidi. Tulilala mkeka mmoja utoto wote, tukapangiana zamu, na sikuwahi kumuuliza yeye alitaka kwenda kusomea nini.

Nikamuuliza. Akasimama na panga lake, akafikiri kwa muda.

"Aa, ndugu yangu," akasema, "nimeshasahau."

Enzi zile angenijibu kabla sijamaliza kuuliza.