Miaka Mitatu Iliyozidi kwenye Kipande

Kwa mujibu wa kipande changu, kitambulisho cha serikali, mimi na kaka yangu tulizaliwa mwaka mmoja. Sisi si mapacha. Siku niliyozaliwa mimi, yeye alikuwa tayari anakimbiza kuku uani, na mama alizoea kusimulia jinsi alivyomtupia mkunga ganda la muhogo kwa hasira ya kuletewa mshindani. Tumepishana miaka mitatu kamili, ila serikali haijui.

Kosa lenyewe lilitokana na tohara. Kwetu Mautuma wavulana walitahiriwa mwezi wa nane, na si kila mwaka. Mwaka mmoja wa kisu, unaofuata wa kupumzika. Zamu ya kaka yangu ilipofika, baba alifikiria nafaka ya kupikia pombe ya busaa, akafikiria wageni, akaona hana nguvu ya kufanya karamu mbili. Akaniita, akanitazama kutoka utosini hadi vidoleni, akasema, "Na huyu naye aingie." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifurahi hadi nikatapika.

Tulizunguka kwa wajomba na mashangazi tukigonga njuga za chuma kuwaalika, kaka mbele, mimi nyuma, mikono yangu ikiwa imevimba kwa uzito wa zile njuga. Alfajiri ya siku yenyewe tulipakwa tope la mtoni, baridi ya kukata mifupa, tukasimama uani kwa baba, bega langu likifika kwenye kiwiko cha kaka. Sikupepesa jicho. Najisifu kwa hilo hadi leo, na asiyetaka kusikia majigambo ya mzee aruke mstari huu.

Miaka minne baadaye, watu wa kuandikisha vipande walikuja kwa chifu. Wazazi wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha mtoto kazaliwa lini, kwa hiyo aliyeulizwa alikuwa liguru, mzee wa kijiji anayemsaidia chifu. Naye liguru hakuhesabu kuzaliwa, alihesabu visu. Waliosimama msimu mmoja kwake walikuwa rika moja, na rika moja aliliandikisha mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimemsindikiza kaka tu, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na minane. Liguru akanikazia macho.

"Na wewe mbona hujapanga laini? Si mlisimamanga na huyu?"

"Tulisimama, mzee."

"Basi ingia hapo, usituchereweshe."

Nikaingia. Ningekuwa mjinga kukataa kuwa mwanaume mbele ya watu wote wale.

Haukupita mwezi nikawa nimekionyesha kile kipande kwa mwenye matrekta ya miwa huko Ekero, akanipa kazi ya kuandika matela yanayoingia kwenye mizani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mama alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, na njia nzima hakusema neno. Nilidhani ni fahari inayomziba kinywa.

Natamani ningeweza kuuelezea utamu wa siku zile. Harufu ya miwa iliyochomwa ilikuwa inaingia hadi kwenye blanketi. Wakata miwa waliorudi jioni wakiwa weusi kwa masizi waliniita "karani," watu wazima wenye watoto wakubwa kuliko mimi, na mimi niliitika kwa sauti nzito niliyoitafuta kooni. Mshahara wa kwanza nilinunua viatu vya raba vyeupe. Huko Ekero na udongo ule! Vilidumu vyeupe nusu siku.

Baadaye nilihamia Kakamega mjini, nikawa mtunza stoo katika shule moja ya bweni. Tulipanga nyumba Amalemba, mimi na mama watoto, tukalea wanne humo. Stoo ile niliipenda, sioni haya kusema. Asubuhi nilipofungua mlango, magunia ya maharagwe yalinipokea na harufu yao ya vumbi tamu, na nilijua bila kugusa mizani ni lipi limepungua. Walimu wakuu walikuja na kwenda. Funguo zilibaki kiunoni mwangu.

Ndipo mwaka juzi barua ikaja. Nimetimiza sitini, nishukuriwe kwa utumishi mwema, nianze taratibu za kudai mafao yangu kwenye mfuko wa serikali wa uzeeni. Sitini! Nilikuwa na miaka hamsini na saba na meno yangu yote. Kaka yangu, aliyepata barua kama hiyo huko Eldoret alikokuwa dereva, na alikojenga bila mpango wa kurudi, alinipigia simu akicheka. "Pacha wangu, tumezeeka."

Nilikwenda kwa katibu wa shule nikiwa nimevimba. Yeye hakuwa mtu mbaya. Alisema kama nitaleta hati ya kiapo kwamba umri uliandikwa vibaya, na mzazi aliye hai aweke kidole kuthibitisha, bodi itaniacha niendelee miaka yangu mitatu, nidai mafao baadaye. Nikatoka pale nikitembea kama kijana.

Mama watoto hakushangilia. Alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Mzee, hayo mafao unataka yakae huko yafanye nini? Si ndizi ati ukizifunika zitaiva."

"Yataongezeka."

"Wewe hutafuti kuongezeka. Unaogopa kukaa bila funguo."

Nilimwambia asinifundishe. Lakini usiku ule nilihesabu wenzangu. Mmoja alichukua pesa zake mapema, alipofika hamsini tu, na zikaisha kabla hajazizoea. Mwingine alisubiri hadi siku ya mwisho ili apate zote, na aliyekwenda kuzidai ni mjane wake. Kila mmoja angekuwa na ushauri wa kunipa, na ushauri wao usingelingana.

Jumamosi nilikwenda Mautuma kuchukua kidole cha mama. Alikuwa anakaa peke yake tangu mjukuu aliyekuwa naye aolewe. Nilimkuta jikoni, amepungua, kitambaa cha kichwa kimekuwa kikubwa kumzidi. Hakuniuliza nimefuata nini. Alimkamata kuku, akakataa msaada wangu, na obusuma, ugali wetu, ulipoiva akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, sehemu ya mwenye boma, kama alivyokuwa akimwekea baba.

Nilimweleza habari ya hati. Nilikuwa nimebeba karatasi na kidau cha wino kwenye mfuko wa koti. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa kidole gumba kwenye leso. Kilikuwa laini kabisa, jembe limekula mistari yote.

"Nitaweka," alisema. "Si uongo. Mimi ndio najua nilikuzaa lini."

"Asante, mama."

"Lakini nikuulize, baba. Uliondoka hapa na miaka ngapi?"

"Kumi na mitano."

"Mtoto wa kumi na mitano alikuwa wangu bado. Ulikuwa unalalanga hapo karibu na mlango, unaniletea maji. Liguru akaandika, ukaenda. Nilinyamaza njia yote, nikasema nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu." Alitazama karatasi kama kitu kilichoanguka kwenye unga. "Hiyo miaka tatu ilitoka kwangu. Sasa unataka niweke wino upewe ingine tatu? Hiyo sina."

Nilikasirika. Nilimwambia haya ni mambo ya kazi, hayahusiani na kuleta maji. Akasema, "Kula kuku, inapoa." Nikala nikiwa na aibu, na nilikuwa nimechelewa kuwa na aibu kwa miaka zaidi ya arobaini. Viazi vitamu vile nilivila vyote kabla sijafika Ekero, wala sikujiuliza yeye alikula nini jioni ile.

Kidole sikukiomba tena, nikarudi Amalemba na karatasi tupu. Jumatatu nilipita kwenye saiba, kijana akanijazia fomu ya mafao kwenye kompyuta, na mwaka wa kuzaliwa nikamtajia ule ule wa kaka yangu. Funguo nilizikabidhi Ijumaa. Nilimwonyesha binti aliyechukua nafasi yangu gunia lipi huwahiwa na panya, halafu nikaona nimeanza kurudia maneno, nikaondoka. Mama watoto alikuwa amekwisha kufunga vyombo vya kuhamia Mautuma.

Watu wa Mautuma walidhani nimerudi na mali. Nilirudi na jembe jipya na kitanda. Asubuhi nilikuwa namletea mama maji ya kunawa, na kila siku alilalamika kwamba ni moto mno au baridi mno, na kila siku nilifurahi kulalamikiwa. Alinisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Alinituma kama mtoto. Chumvi, kuni, yule kuku mwekundu ameingia wapi tena.

Tulikaa naye mwaka mmoja na miezi minne. Kama angeweka wino ule, ningekuwa bado stoo, na simu ya msiba ingenikuta nikipima maharagwe. Siku aliyoniita mara ya mwisho nilikuwa napalilia mihogo nyuma ya jiko. Hakuita kwa nguvu, hakuwa na nguvu tena, lakini nilimsikia, nikaitika, nikaenda.