Ukuta Ulioota Nyanya

Kukandika nyumba nilifundishwa na mama yangu huko kwetu ziwani. Nilipohamia Kianda, Kibera, miaka ya tisini, mikono hiyo ndiyo iliyonipa heshima. Ukuta niliokandika mimi haukupasuka. Sioni haya kujisifu, kwa sababu nilipokosea nitapasema pia.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi wa Kinubi, mjane, aliyekaa chumba cha kwanza cha ploti yake na kusali humo mara tano kwa siku. Alipotaka kuta za chumba chake zikandikwe upya, alinijia mimi. Wiki hiyohiyo lori lilikuwa limemwaga kando ya njia lundo la udongo mweusi, mkavu, laini kama unga wa wimbi. Wenzangu waliuchota wakapandia mboga ya sukuma wiki. Mimi, mjuaji, niliuchanganya na udongo mwekundu nikamkandikia bibi chumba kizima. Kuta zikang'aa, naye akaniombea dua.

Mvua ikanyesha. Ukuta ulipolowa, harufu ikaamka, na wiki haijaisha kuta zikaanza kuota. Nyanya! Miche ya nyanya juu ya kitanda cha bibi, miche ya nyanya kando ya mkeka wake wa kusalia. Dereva wa lile lori alipopita tena nikamsimamisha, nikamuuliza alitumwagia nini. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mathe, hiyo ni choo ya Nairobi. Inakaushwa kule kwa mabwawa ya maji chafu. Na mbegu ya nyanya hata tumbo ya mtu haiiwezi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alitoa mkeka wake, akawa anasali koridoni wapangaji wakimpita na ndoo zao.

"Umeniletea najisi ndani ya nyumba yangu, binti yangu," akaniambia. "Siwezi kusali humu, na wewe siwezi kukutazama. Mwezi ukiisha, tafuta chumba kwingine."

Kosa la mikono yangu nililikubali. Lakini si mimi niliyeleta kinyesi cha jiji Kianda. Asubuhi iliyofuata nilijaza debe kwa mabonge ya ukuta, miche ikiwa bado imesimama, nikaenda mjini hadi ofisi aliyonielekeza dereva, ya bwana aliyepanga safari za malori yale.

Akanifungulia faili. Kila safari ilikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa na muhuri wa kuthibitisha kwamba tope hilo la choo limemwagwa katika shimo la machimbo ya zamani nje ya jiji.

"Unaona? Kianda haiko hapa," akasema. "Na hata kama ni yetu, imesafishwa. Haina madhara."

"Haina?"

"Hata kidogo."

Basi nikachukua glasi yake ya maji, nikaimimina ndani ya debe, nikakanda. Nikaanza kukandika ukuta wa ofisi, hapo hapo juu ya kiti chake. Mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi namna ile. Makarani walijaa mlangoni, mmoja ameziba pua, mwingine ananionyesha pembe niliyoiruka.

"Mama, wacha! Unataka nini?"

"Lori moja ya udongo nyekundu, safi, ikuje Kianda. Na hii yenu mkuje muichukue."

Nilikuwa nimefika dirishani alipotia sahihi.

Udongo uliletwa na dereva yuleyule, safari hii bila kucheka. Siku mbili nilikwangua kuta za bibi hadi kwenye fito, nikazikandika upya, naye ameketi mlangoni akikagua kila kipande. Nilipomaliza akaingiza mkeka wake ndani. Habari ya mwezi kuisha hakuitaja tena. Alinitekea tu maji ya kunawa.

Lori liliporudi, magunia ya udongo niliokwangua yalikuwa yamepangwa nje. Dereva alitaka kuyaacha mbele kidogo, karibu na mtaro, na bibi akamkatalia. "Mlangoni kwa nani tena?" Nikamwambia ayapeleke kwenye lile shimo la machimbo lililoandikwa katika karatasi za bosi wake.

Akajikuna shingo. "Mathe, kusema ukweli, huko sijawahi fika. Hata sijui ni wapi."

Nilimsaidia kuyapakia magunia, kisha nikafungua mlango wa lori, nikakaa mbele, vumbi lake hadi viwikoni.

"Washa gari," nikamwambia. "Tutauliza njia."