Masika Ambayo Baba Mdogo Hakunywa

Harufu ya unga wa wimbi ukikaangwa ni harufu tamu, na hilo ndilo la kwanza linaloniudhi. Laiti ungenuka kama maji ya kinamasi, labda ukoo wetu ungekuwa na wazee wengi zaidi. Unga ulikandwa kwa maji, ukafukiwa shimoni mpaka ukachacha, kisha ukafukuliwa na kumwagwa juu ya bati pana lililotandazwa kwenye mafiga. Wanawake wa boma waliugeuza kwa majembe yaliyochakaa huku moshi ukiwatoa machozi, na ile harufu ikasambaa juu ya mashamba ya kwetu Mella, mpakani na Kenya, harufu ya kitu kinachokaribia kuungua bila kuungua, hata wanaume waliokuwa mbali wakipalilia pamba wakainua vichwa. Ukishaanikwa, ukatiwa kimea na maji, baada ya siku chache ulikuwa ajono, ambayo watu wengi wa mpakani waliiita malwa: pombe nzito iliyokaa ndani ya chungu kikubwa, ikiongezwa maji ya moto kila ilipopungua, watu wameizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sikuzaliwa nikiichukia. Miaka ile michache baada ya Uhuru, chungu kilikuwa baraza letu na mahakama yetu. Waliogombana walipatanishwa hapo, na mahari yalizungumzwa hapo. Lakini malwa ilikuwa na ndugu yake mkali, enguli, iliyokenekwa ndani ya mapipa kandokando ya kinamasi na kunywewa kwa vikombe vidogo bila hadithi wala upatanisho. Mtu alianza kwa ndugu mpole, akamalizwa na ndugu mkali.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli kule Malaba, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Mdogo wake, Okware, ndiye aliyekuwa mwanamume wetu wa kila siku. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na hakuna aliyejua kulima kwa ng'ombe kama yeye. Alikuwa na mafahali wawili aliowafundisha mwenyewe, mmoja akamwita Sajini na mwingine Bwana Shauri, kwa sababu, alisema, amechoka kuamrishwa na watu wenye vyeo hivyo, na sasa ni zamu yake. Watu walicheka hata kabla hajafika shambani. Basi mtu wa namna hiyo kila chungu kinamtaka. Alikaribishwa huku, akaitwa kule, na kwa kuwa alilima mashamba ya watu wengi, kila mmoja alimshukuru kwa mrija. Kisha shukrani zikaanza kuja ndani ya kikombe kidogo. Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, macho yake yalikuwa yamegeuka manjano kama kiini cha yai, miguu imekonda, na tumbo limejaa na kukaza kama ngoma iliyowambwa. Hakuwa amefika hata arobaini.

Mama ndiye aliyempeleka hospitali ya Tororo, mimi nikiwa nyuma yao na kikapu cha chakula. Daktari alikuwa mtu wa kutoka mbali, hakujua Kiteso, kwa hiyo walizungumza Kiswahili chetu cha mpakani.

"Wewe nakunywa nini?" daktari akauliza, akibonyeza tumbo lile.

"Nakunywa kidogo tu, daktari. Kama watu wengine."

"Watu wengine siwaoni hapa. Naona wewe."

Baba mdogo akatabasamu, lakini daktari hakutabasamu. Alimwambia kwamba ini lake limeharibika, lakini halijafa lote. Akiacha kabisa, yaani asiguse enguli wala malwa, huenda akawaona wajukuu. Akiendelea, asipange mambo ya mwaka mwingine. Mama akamwomba daktari arudie, polepole, na daktari akarudia. Nakumbuka hivyo kwa sababu baadaye watu walidai kwamba hakuna aliyetuambia lolote.

Tuliporudi, mama alitoa amri, na sijui alipata wapi ujasiri wa kumwamuru ndugu wa mumewe. "Shemeji, kwako hurudi. Nyumba yako iko karibu mno na mapipa. Wewe na Asere mtakaa hapa kwangu mpaka mvua iishe." Asere, mkewe, alikuwa na mimba changa, na alishukuru kwa machozi. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Baba mdogo alitetemeka hata kijiko kikagonga meno yake, akatoka jasho lililolowesha mkeka, akapiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani wakati ukuta ulikuwa mtupu. Mama alimnywesha uji wa wimbi wenye ukwaju, kidogo kidogo, kama anayemlea mtoto mchanga. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa mlangoni, akitazama mawingu.

"Akisa," akaniita, "nani ataongoza mafahali?"

Wavulana walikuwa shuleni, na watu walisema si kazi ya msichana. Baba mdogo akasema fahali hajali anaongozwa na nani. Basi masika ile nilitangulia mbele na kamba, yeye nyuma ameshika plau, na sauti yake ikarudi. Mwanzoni alipumzika kila baada ya mtaro mmoja, kisha akawa anapumzika pale ninapochoka mimi. "Bwana Shauri, mbona unachelewesha maendeleo?" alifoka, na wanawake waliokuwa wakipanda walishika mbavu kwa kucheka. Udongo uliofunuliwa ulinuka mvua. Tumbo likapungua, mpaka akalazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda, naye akatuonyesha tundu hilo kwa fahari kama mtu anayeonyesha medali. Macho yakawa meupe. Alimlimia shamba mjane mmoja mzee, jirani yetu, ambaye tulimwita bibi Adikini, kwa sababu tu hakuwa na mtu. Jioni alikaa jikoni kwa mama, jambo ambalo wanaume hawakulifanya, akapukuchua njugu na kumwambia Asere atajenga nyumba ya matofali. Nasema haya kwa urefu kwa makusudi. Watu hupenda kusema mlevi haponi. Mimi nilimwona akipona.

Rafiki zake walipita barabarani na kumwita. "Okware! Mke wa kaka yako amekufunga kamba kama mbuzi?" Mama alitoka na mwiko mkononi akawajibu, "Nimemfunga, ndiyo. Nyinyi mliofunguliwa mnakwenda wapi?" Walicheka wakaenda zao. Hao hawakunitisha. Adui anayetukana unamwona akija. Waliotushinda walikuja kwa heshima, wamevaa kanzu safi, wakimpenda.

Mavuno yalipokwisha, Asere alijifungua mtoto wa kike. Katika ukoo wetu, jina la mtoto lilitolewa kwa ajono: baba alivuta kwanza mrija kukifungua chungu, kisha akachovya kidole na kukigusisha midomoni mwa mtoto huku akilitamka jina. Mama alikataa kupika pombe. Hakuna aliyemlazimisha. Babu Omuse, ndugu mkubwa wa marehemu babu yetu na msemaji wa ukoo, alileta chungu kutoka kwake, kimebebwa na vijana wawili, kikawekwa katikati ya ua wetu adhuhuri, jua likiwaka. Baba alikuwa amekuja kutoka Malaba. Wageni walijaa.

Mama akapiga magoti mbele ya babu, akasema kwa adabu, "Mzee, daktari amemkataza huyu. Hata tone. Naomba jina litolewe kwa uji. Nimeutayarisha."

Babu Omuse hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwanangu," alisema, "mtoto aitwe kwa uji kama kifaranga? Akikua akiugua, tutasema nini?"

"Basi fungua chungu wewe, mzee. Kidole chako kina baraka kuliko cha Okware."

"Baba yake yuko hai. Kidole cha babu hutumika kwa yatima. Unataka tumfanye yatima leo?"

Watu wakaguna. Mama akamgeukia baba. Nilimtazama baba yangu, mwanamume aliyeongoza vibarua kwenye reli, ambaye neno lake moja lingetosha. Aliufuta uso kwa kitambaa. "Ni mrija mmoja tu," alisema. "Tusiaibishe wazee." Baba mdogo alisimama na mtoto mikononi. Alimtazama mama, na sijapata kuona macho yenye kuomba msamaha kabla ya kosa kama yale. "Ni leo tu, shemeji," akasema. Akainama, akavuta. Mtoto akaitwa Amoding. Wanawake wakapiga vigelegele, na uji wa mama ukapoa jikoni, mwishowe ukamwagiwa kuku.

Sina la kuongeza ambalo msomaji hawezi kulikisia, na hiyo ndiyo hasira yangu, kwamba ilikuwa rahisi kukisia. Leo ikazaa Jumapili, Jumapili ikazaa kesho yake. Malwa ilimrudisha penye chungu, na penye chungu alikuwapo mtu mwenye chupa ya enguli. Kabla pamba haijachumwa alikuwa amerudi kwake karibu na kinamasi. Mama alimfuata mara nyingi. Mara ya mwisho Baba mdogo alijificha asimwone, na mama alirudi akakata kuni mpaka kiganja kikatoka damu. Mwanzoni mwa mvua zilizofuata, asubuhi, Baba mdogo alianza kutapika damu. Wanaume walimbeba juu ya kitanda hadi barabara kuu kungoja lori lolote linaloelekea Tororo. Malori yalipita yakiwa yamejaa. Alifia hapo kando ya barabara, Asere amemshika kichwa, mtoto mgongoni.

Matangani, vyungu vilipangwa safu kwa ajili ya waombolezaji. Babu Omuse alisimama akatikisa kichwa na kusema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Watu wakaitikia, wakaridhika. Methali ni mali ya wahenga, na nimefundisha watoto methali maisha yangu yote, lakini ile nilitamani kuikamata na kuitupa. Mama akainuka akiwa bado na majivu ya jikoni mikononi. "Alisikia!" alisema kwa sauti iliyokatika. "Alisikia dawa masika nzima. Mlimwona akilima. Ni sisi tuliomziba sikio tukamtia—" Baba akamvuta mkono akaketi. Wazee wakasema ni uchungu, asamehewe.

Lakini kifo cha kijana kilihitaji mwenyewe, mtu wa kutupiwa lawama ya uchawi, na pombe haikuweza kuwa mwenyewe kwa sababu kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Mtu akakumbuka kwamba Baba mdogo aliwahi kula nyumbani kwa bibi Adikini siku aliyomlimia. Mwingine akakumbuka bibi huyo hakulia vya kutosha. Hawakumpiga, Mungu asifiwe, lakini wakaacha kumsalimu, kisha usiku wakang'oa mihogo yake. Akafunga mzigo, akaenda kwa binti yake huko Dabani, na shamba lililolimwa na marehemu kwa wema likaota magugu. Mama alimsindikiza njia nzima hadi alipopata gari. Ndiyo mazishi pekee, alisema aliporudi, ambayo alilia kwa sababu mbili: aliyezikwa na aliyefukuzwa.

Amoding tulimlea sisi pamoja na mama yake. Alikua mrefu, mwenye sauti nzito, akaolewa Busia upande wa Kenya, na akiulizwa habari za baba yake husema, "Sikumwona." Baba yangu aliacha mrija mwaka ule ule. Hakueleza kwa nini, na mama hakumuuliza. Nadhani alikuwa anajiadhibu. Adhabu yake ilimpa uzee mrefu, ambao hakuonekana kuufurahia.

Sasa watu huniambia mambo yamebadilika. Ni kweli. Zamani ulevi ulikuwa na kazi: ungoje wimbi livunwe, unga uchache, ukaangwe, ukauke, na katika kungoja huko mtu aliweza hata kubadili mawazo. Siku hizi pombe kali huja ndani ya vichupa vya plastiki vinavyotoshea mfukoni, vinauzwa pamoja na sabuni na kiberiti, na kijana pale Malaba hukifungua kimoja kabla hajanawa uso. Watoto wengi wanapewa majina kanisani, kwa maji, na hakuna anayesema wataitwa kama vifaranga. Hilo mama angelifurahia. Lakini mwaka jana tulimzika kijana wa jirani, msaidizi wa madereva wa malori, tumbo limejaa, macho ya manjano. Mama yake aliniomba niseme neno kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu. Nikasema kilichomuua, kwa jina lake. Mshereheshaji akanisogelea akitabasamu, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu: "Asante, mwalimu. Muda umetubana." Kisha akatangaza kwamba Mungu huchuma maua mazuri kwanza, na waliochimba kaburi wakaitwa nyuma ya nyumba kupewa vichupa vyao.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiwa na hasira isiyolingana na umri wangu. Umri wangu sasa ni karibu mara mbili ya ule aliofia Baba mdogo. Nilipokuwa mtoto nilimwona mtu mzima, mkubwa kama mlima wa Tororo. Leo nikimkumbuka namwona kijana. Mwanangu wa mwisho amekwisha kumpita umri, ana mvi mbili tatu kidevuni, anazing'oa akidhani hatumwoni. Zile mvi natamani aziache.