Hesabu Alizopunguza Mwalimu Magige

Mwalimu Magige alifundisha hesabu katika shule moja ya upili huko Uriri. Mimi nilifundisha Kiswahili darasa lililopakana na lake, kwa hivyo mengi ya haya niliyaona. Ambayo sikuyaona nilisimuliwa na Shangazi Robi, mama ambaye hajawahi kuficha jambo la mtu mwingine.

Magige alikuwa mwema kupita kiasi. Mwanafunzi akikosa alama chache za kupita, alimtafutia mahali fulani, pengine kwenye mwandiko. Mpishi akiunguza githeri ya mahindi na maharagwe, Magige alimwambia ina harufu nzuri ya moshi. Alikuwa amevuka miaka thelathini bila mke, na sisi wenzake tulimtania kwamba wasichana wanamkimbia kwa kuwa anakubali kila kitu. Naye alikubali hata hilo.

Katikati ya miaka ya tisini chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya mgomo, wanafunzi wakarudishwa makwao. Ndivyo Bhoke alivyotua mjini Migori kwa shangazi yake Robi, aliyekuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Sori na kuziuza sokoni. Alikuja na sanduku zito. Shangazi alilipokea kwa heshima zote akidhani lina sufuria au walau kitenge. Kulifungua, akakuta karatasi tu zilizojaa tarakimu.

Bhoke alikuwa akisomea shahada ya pili, na zile tarakimu zilikuwa protini. Alimweleza shangazi yake hivi. Ndani ya mbegu za jamii ya kunde kuna protini ndogo inayozuia tumbo lisisage chakula, ndiyo maana maharagwe mabichi yanaumiza. Protini hiyo ni mnyororo wa vipande vinavyoitwa asidi za amino, lakini mnyororo haukai umenyooka. Umejikunja na kujikunja tena, hata kipande cha mwanzo kikaweza kulala ubavuni mwa kipande cha mwisho. Wataalamu walikuwa wamekwisha kupima kila atomu iko wapi, na kila atomu ikapewa namba tatu. Kazi ya Bhoke ilikuwa kujua ni vipande gani vinagusana, maana mahali vinapogusana ndipo protini inapojishikilia.

"Na wewe uliiona wapi hiyo protini?" Shangazi akauliza.

Bhoke akasema hakuna aliyeiona kwa macho. Shangazi akarudi kwa omena zake, ambazo zinaonekana.

Taabu ilikuwa kwamba kompyuta ya kufanya hesabu hizo ilibaki chuoni, mlango umefungwa, na profesa wake hajulikani alipo. Bhoke akaamua kuzifanya kwa mkono. Shangazi Robi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwekea Magige omena nzuri zisizo na mchanga, aliona hapo nafasi ambayo Mungu hatoi mara mbili. Alimtumia salamu mwalimu kwamba nyumbani kuna mgeni mwenye hesabu ngumu.

Magige alikuja Jumapili akiwa na soda na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Bhoke alimshukuru kwa soda, kisha akamuuliza kama ana kalkuleta yenye kipeuo cha pili. Alikuwa nayo mfukoni. Shangazi alituapia kwamba hajawahi kuona msichana akimtazama mwanamume kwa furaha kama ile, na furaha yenyewe ilikuwa ya kalkuleta.

Kazi haikuwa ya maajabu, ilikuwa ndefu tu. Unachukua atomu mbili, unatoa namba za moja kwenye namba za nyingine, kila tofauti unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Jibu linakuja kwa angstromu, kipimo kidogo sana: gawanya milimita moja mara milioni kumi. Bhoke aliweka sheria yake kuwa chini ya angstromu nne vipande vinagusana, na zaidi ya hapo havigusani. Wakawa wanaketi meza moja kila Jumapili alasiri, yeye anasoma namba na Magige anabonyeza. Siku za kazi Magige alichukua kurasa kwenda nazo Uriri. Ofisini tulimkuta ananong'ona tarakimu, tukamuuliza kama huko ndiko kuchumbia. Akasema kazi inaendelea vizuri.

Ilikuwa inaendelea vizuri mno. Magige alikuwa amegundua jambo. Jibu likizidi nne, Bhoke aliandika kimya. Likiwa chini ya nne, aliinua kichwa, akatabasamu na kusema, "Wamegusana!" Kwa mtu kama Magige, tabasamu hilo lilikuwa mtihani mkubwa. Siku moja kalkuleta ilionyesha nne nukta moja, naye akasema tatu nukta tisa. Alijiambia ni tofauti ndogo, hata unywele ni mnene kuliko hiyo mara mamilioni. Jumapili iliyofuata nne nukta nne nayo ikashuka. Kufikia Julai, protini ya Bhoke ilikuwa imejishikilia kila upande kama mtu anayeogopa kuanguka.

Bhoke alifurahi, na kutokana na furaha hiyo akajenga hoja. Karibu na mwanzo wa mnyororo kulikuwa na kipande kiitwacho aspati, chenye chaji hasi. Karibu na mwisho kulikuwa na lisini, yenye chaji chanya. Chaji hizo huvutana. Kama hao wawili wanagusana, Bhoke alisema, basi ncha mbili za protini zimefungwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu protini hii inavumilia moto wa jiko kuliko nyingine. Magige alikuwa amempa tatu nukta nane. Tasnifu nzima ikakalia namba hiyo.

Mwezi uleule Bhoke alikwenda Homa Bay. Binamu yake Nashon alikuwa karani wa mradi fulani wa kilimo, na ofisi yao ilikuwa na kompyuta ya kuhesabia mbolea. Nashon alimruhusu aitumie wakati wenzake wakila chakula cha mchana. Bhoke hakwenda kumchunguza mtu. Alitaka tu kuona jinsi namba zake zitakavyopendeza kwenye kompyuta. Aliandika ukurasa mmoja wa atomu, kompyuta ikatoa majibu, na majibu mengi hayakufanana na ya Magige. Aliandika tena akidhani amekosea. Kompyuta haikubadilisha neno.

Jumapili Magige alimkuta ameketi bila kalamu. Shangazi Robi alikuwa jikoni, mlango wazi, akisikiliza kwa masikio yote.

"Mwalimu," Bhoke akasema, "hii nne nukta nne ilikuwaje ikawa tatu nukta tisa?"

Magige alitazama meza. Hakujua kudanganya akiulizwa moja kwa moja. Alijua tu kudanganya akiwa anahurumia.

"Nilikuona unafurahi," akasema.

"Protini haijui kama mimi nimefurahi."

Hakumpigia kelele. Magige aliniambia baadaye kwamba angependa apigiwe kelele. Bhoke alikusanya karatasi akasema kazi imeharibika na hajui aanzie wapi, maana sasa hawezi kuamini hata zile zilizo sahihi. Magige akaomba apewe zote azirudie tangu mwanzo. Shangazi anasema Bhoke aliiacha chai hadi ikaota ngozi, kisha akamsukumia sanduku. Labda alimsamehe. Labda pia mjini Migori hapakuwa na mwingine mwenye kalkuleta ya aina ile.

Likizo ya Agosti ikaja, sote tukaenda makwetu. Magige alibaki Uriri na sanduku. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ondieki, alipita shuleni akamkuta peke yake darasani, mbao zote zimejaa namba, akamshauri apumzike. Magige akamjibu kwamba hapana, na ushauri wenyewe haumsaidii. Ondieki alitusimulia jibu hilo muhula ulipofunguliwa kama mtu aliyeng'atwa na kondoo.

Siku aliyorudi Migori, hakuleta soda. Alikaa, akakataa chai, jambo ambalo Shangazi alilichukua kama matusi. Alimpa Bhoke kurasa moja moja, akimwonyesha kila aliposhusha. Ukurasa wa mwisho akaushikilia kidogo.

"Ile aspati na lisini," akasema. "Nimerudia kwa atomu zao zote. Zilizo karibu kabisa ziko angstromu sita na nusu. Hawagusani, Bhoke."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Bhoke alichukua kalkuleta akahesabu mwenyewe. Sita na nusu. Akatoka nje, akasimama karibu na mikeka ya omena akiwafukuza kuku wasiokuwepo. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Ulijua nitaumia," akasema.

"Nilijua."

"Na ukasema."

"Nimesema."

Akamwambia anywe chai sasa. Kisha wakafungua kurasa upya kutafuta protini ile inajishikilia wapi kweli, na wakaona ni katikati, ambako vipande vyenye salfa vimefungana viwili viwili. Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kulisema hilo. Tasnifu ya Bhoke ikawa ya kawaida, lakini ya kweli, na chuo kilipofunguliwa profesa aliipitisha bila shangwe.

Walioana baada ya mwaka mmoja na kitu. Shangazi Robi alishika kipaza sauti na kuwatangazia wageni kwamba wawili hawa aliwaunganisha yeye, kwenye meza yake, kwa ajili ya maharagwe. Hakueleza zaidi. Mzee mmoja wa upande wa Isebania, aliyekuwa mfanyabiashara wa nafaka, alimfuata bwana harusi kando ya hema kumuuliza kama bado anayo magunia ya maharagwe hayo na kama ni mekundu. Magige akamketisha, akaanza kumweleza. Bibi harusi alilazimika kuja kumtoa huyo mzee, maana walikuwa wamefika kwenye kipeuo cha pili na pilau inapoa.