Jiko Langu Ndilo Lililotangulia

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halipo, wala haliji. Marehemu mume wangu hakuitia nyumba ya kaka yake alama ya kubomolewa kwa sababu ya wivu, na mimi sikumtia maneno kitandani, kama wanavyosimuliana kisimani watu ambao mambo hayo yalipotokea walikuwa bado wananyonya. Mmoja alifika hadi sebuleni kwangu kunielezea mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Nilimpa chai, nikamsikiliza, nikamfungulia mlango.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Walimwita Bwana Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka mfukoni hata harusini. Alipokuja kwetu kuposa alipima mlango wa baba, akamwambia umepinda. Baba alicheka sana, akasema mtu huyu hata akitaka kudanganya hatajua aanzie wapi.

Sheria ndogo za halmashauri zilikataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka kwenye kinamasi kilicho nyuma ya mtaa wetu. Mvua ya mitaa ya juu yote hutua pale, matete yakaipokea taratibu, na visima vyetu vikapata maji safi. Ukimwaga kifusi pale, maji hayapotei. Yanatafuta sebule ya mtu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufariki, alikuwa fundi magari. Alijenga kiangazi. Alifyeka matete, akapima kuanzia pale maji yalipokuwa yamerudi nyuma, akainua kuta mpaka usawa wa madirisha. Lakini sheria hupima kuanzia pale maji yanapofika masika. Mume wangu alipomwambia asimamishe ujenzi, ukoo ukaitwa. Shangazi yao akakumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mume wangu akamjibu kwa adabu kuwa ni kweli, shangazi, ila masika kinachoingia chumbani si damu.

Shemeji akatabasamu, nikajua ana lake.

"Mdogo wangu," akasema, "anza na kwako. Jiko la mkeo limejengwa wapi, angani?"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Aliniangalia mimi.

Jiko lile nililijenga kwa mshahara wangu wa ualimu, la matofali ya kuchoma, lenye rafu za saruji na dirisha lililoelekea matete. Tulikuwa tumelipima kiangazi vilevile, mimi na fundi, mume wangu akiwa safarini kikazi. Kama ningelia siku ile, ukoo mzima ungenifuta machozi na habari ingeishia hapo, ya jiko na ya nyumba. Wote walilijua hilo, shemeji kuliko wote.

Tukatoka nje, ukoo nyuma yetu. Mume wangu akaleta ile futi ndefu ya kazini, akanipa mimi ncha. Ncha ile niliishika mimi, kwa mkono wangu. Wenye kusimulia wasimulie na hilo. Nusu ya jiko ilikuwa ndani ya zile mita sitini zilizokatazwa.

"Unasemaje, mama watoto?" akauliza.

"Paka."

Akafungua kopo la rangi nyekundu, akapaka alama ya kubomolewa. Jiko likavunjwa, nikapika ukumbini, moshi ukinitoa machozi niliyowanyima siku ile. Sikumlalamikia mtu yeyote isipokuwa yeye, na yeye nilimlalamikia vya kutosha.

Kisha akaenda kwa kaka yake na kopo lilelile. Nilifuatana naye. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, mikono kiunoni.

"Utanipakia mimi, niliyekubeba mgongoni?"

"Ndiyo, kaka. Sogea kidogo, shati litachafuka."

Akaishusha mikono. Kisha akasogea.

Nyumba ilivunjwa na matete yakaota tena. Wanaoliita pori la aibu yetu ndio haohao wanaochota maji yake kila asubuhi, na sijaona aliyeyatema.

Sasa wanataka kujua kama ndugu hao walipatana kabla ya mume wangu kufariki, na shemeji aliniambia nini siku ya mazishi. Hayo ni ya nyumbani kwetu. Hamtayapata kwangu, wala kwa watoto wangu, na sisemi neno zaidi.